Kiyoyozi kinazidiwa na jua la Phoenix

Pole sana, dada. Nimekuelewa: mko Phoenix, jimboni Arizona, Marekani, na gari-nyumba Julai hii, watoto wawili na mama mzazi, kiyoyozi cha paani kinanguruma kutwa lakini ndani bado nyuzi 32. Huenda si kibovu. Vingi vya aina hiyo hushusha joto nyuzi 11 hivi tu chini ya la nje, na hapo nje ni 43.

Kwa hiyo lizuie jua lisiingie. Kioo cha mbele ndicho tanuri lenyewe. Kifunike kwa nje, maana pazia la ndani linalikuta joto limeshapenya. Matundu ya paani yazibe kwa sponji nene. Madirisha makubwa yatazame kaskazini, mapishi yafanyike nje, na kiyoyozi kiwashwe alfajiri, kisingoje saa sita. Safisha na chujio lake: langu lilipojaa vumbi, upepo ulibaki kidogo mno.

Ila ningekuwa wewe, ningehama. Mji wa Flagstaff ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi, mwinuko wa mita 2,100. Usiku mtatafuta blanketi.

Jenereta isiwake mkiwa mmelala, moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu. Na mama akianza kuchanganyikiwa au kuzirai, piga 911 papo hapo, kisha mmwagieni maji na kumpepea mkisubiri. Msingoje kuona kama atapata nafuu.