Kamera Juu ya Meza: Mbona Mbao Zinasomeka Ndefu?

SWALI: Nimefunga kamera mita moja juu ya meza ili ipime vipande vya mbao badala ya tepu. Niliisawazisha kwa rula ya chuma iliyolazwa mezani. Kipande chenye unene wa milimita 50 na urefu wa 400 kinasomeka 421 kikiwa katikati. Nikikisogeza pembezoni mwa picha, kinapungua. Kamera ni mbovu?
Fundi, Mafinga

JIBU: Kamera yako ni nzima, fundi. Hapo kuna makosa mawili, na kila moja lina dawa yake.

Kosa la katikati ni la kimo. Rula ililala mezani, kwa hiyo kipimo ulichokiweka ni cha uso wa meza tu. Uso wa juu wa ubao uko milimita 950 kutoka kwenye lenzi, si 1000, na kilicho karibu huonekana kikubwa. Zidisha 400 kwa 1000, gawanya kwa 950: unapata 421 ileile.

Kama unene ni mmoja siku zote, inua rula kwa kipande cha unene huo, usawazishe upya. Kama unabadilika, hesabu pikseli za milimita 300 za rula ikiwa mezani, kisha ikiwa juu ya kipande cha 50. Tuseme ni 1200 na 1263. Zidisha 50 kwa 1263, gawanya kwa tofauti yake, 63: lenzi iko milimita 1002 juu ya meza. Usiupime umbali huo kwa tepu, maana unahesabiwa kutoka nukta iliyo ndani ya lenzi, usiyoweza kuigusa. Ukishaupata, ingiza unene wa kila ubao na programu itakokotoa yenyewe.

Kupungua pembezoni ni kazi ya lenzi pana, inayopinda picha. Hili litangulie kurekebishwa, kabla ya hesabu za kimo. Chapisha ubao wa drafti wa miraba 10 kwa 7, kila mraba milimita 25, kwa ukubwa wa asilimia 100. Printa nyingi hupunguza ili karatasi itoshe. Hakikisha kwa rula kwamba miraba 10 ni milimita 250 kamili. Bandika kwenye kioo, kwani kadibodi hujikunja. Piga picha 15 hadi 20 ukiuinamisha huku na huku, na uufikishe kwenye kona zote nne za picha. Watu wengi hupiga katikati tu, wakapata matokeo yanayopendeza na pembezoni pakabaki palivyokuwa. Picha hizo zipe OpenCV, programu ya bure inayokokotoa mpindo wa lenzi na kuurekebisha. Humo andika 9 kwa 6, kwa sababu inahesabu makutano ya ndani ya miraba. Wastani wa kosa inaoutoa ukiwa chini ya nusu pikseli, endelea. Ukizidi moja, ondoa picha zenye ukungu.

SWALI: Jana vipimo vilikuwa sawa, leo vimehama milimita 2. Kwa nini?

JIBU: Mara nyingi ni fokasi otomatiki: lenzi ikisogea, ukubwa wa picha hubadilika. Izime, pamoja na kitulizi cha mtikisiko, na usiguse zumu. Kaza skrubu za fremu. Kisha chora mezani alama mbili zilizoachana milimita 500, uzipime kwa kamera kila asubuhi kabla ya kazi. Zikihama zaidi ya nusu milimita, sawazisha upya.