Kabla ya kununua kipimo cha simu, fukia kitambaa

Ndugu wa Kipushi (mji wa migodi, Kongo), mahindi yako yanageuka manjano na unauliza kama uagize microBIOMETER, kipimo cha vijidudu vya udongo kinachosomwa kwa simu. Kifaa ni kizuri: unatikisa udongo ndani ya maji yenye dawa ya kipimo, unauacha utulie, unadondosha matone kwenye kadi, kisha kamera ya simu inasoma rangi na kukadiria wingi wa vijidudu. Ila kukitoa Marekani hadi huku, hiyo pesa bora ungenunua mbolea.

Chukua shuka kuukuu la pamba tupu (nailoni haiozi, usijisumbue). Fukia kipande shambani, sentimita 10 hivi, kingine cha kulinganisha chini ya mwembe penye majani yaliyooza. Weka vijiti vya alama. Fanya wakati wa mvua, maana kiangazi hata udongo mzuri unalala. Fukua baada ya miezi miwili. Kikibaki nyuzi nyuzi, vijidudu viko kazini. Cha shambani kikitoka kizima, ongeza samadi iliyooza.

Manjano yenyewe huenda ni upungufu wa naitrojeni tu. Anza kutazama majani ya chini, ndiko manjano hayo huanzia.

Lakini kama uko karibu na mabaki ya mgodi, kitambaa wala simu havikuonyeshi shaba, zinki au risasi. Hapo uliza kitivo cha kilimo cha UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) wapi pa kupima metali, na mboga za hapo usiwape watoto kwanza.