Maswali Yenu: Mnunuzi Anaposema Amelipa

Barua za mwezi huu zimetoka Kisumu, Nakuru, Kakamega na Tabaka, na zote zinauma mahali pamoja: mali imeshatoka mkononi, pesa ina maneno. Wenye minada midogo ya mtandaoni hawana mwanasheria wala mhasibu wa kukimbilia, kwa hiyo tumejibu kwa hatua ambazo mtu mmoja mwenye simu moja anaweza kuzifuata.

Napiga mnada viatu vya mitumba kwenye kundi la WhatsApp nikiwa Kibuye. Mnunuzi wa kwanza aliniambia amelipa 4,500, ujumbe ukaingia kwenye simu yangu, nikampa mtu wa boda mzigo. Jioni nikakuta pesa haipo. Wa pili alilipa kweli, lakini baada ya saa moja pesa ikazuiwa, eti aliituma kimakosa. Nifanyeje? (Mama wa viatu, Kisumu)

Mama, pole sana. Hayo ni mambo mawili tofauti na kila moja lina dawa yake.

Tuanze na ujumbe wa uongo. Ufungue tena uusome polepole. Ujumbe halali huingia kwa jina la MPESA, chini ya mlolongo uleule wenye jumbe zako zote za zamani. Wa uongo mara nyingi huja peke yake, umetoka kwa nambari ya kawaida. Lakini kipimo kikubwa ni salio. Tuseme ulikuwa na 1,320 na umelipwa 4,500. Salio jipya lazima lisome 5,820. Tapeli hajui ulikuwa na ngapi, basi hubuni: utakuta 14,870 au 730, au salio halikutajwa kabisa. Hesabu hiyo ya kujumlisha inachukua nusu dakika.

Hata ujumbe ukionekana safi, usiuamini peke yake. Piga *334#, angalia salio, kisha angalia taarifa fupi ya miamala. Kama una deni la Fuliza, yaani mkopo mdogo wa M-Pesa salio linapopungua, pesa inayoingia hukatwa papo hapo, kwa hiyo salio litakuwa dogo kuliko ulivyotarajia ingawa mnunuzi amelipa kwa haki. Hapo taarifa ya miamala ndiyo itakayosema ukweli. Tumeona wauzaji wakiwagombeza wateja waaminifu kwa sababu hiyo tu. Ujumbe wa utapeli utume kwa 333, ambayo ni nambari ya Safaricom ya kupokea ripoti hizo, na usiufute kwenye simu.

Sasa yule wa pili. Anayetuma pesa M-Pesa anaweza kuomba muamala urudishwe kwa kupeleka ule ujumbe wa muamala kwa 456. Huduma hiyo iliwekwa kwa waliokosea nambari, ila wapo wanaoitumia mzigo ukishapanda boda. Pesa ikizuiwa, usingoje. Piga huduma kwa wateja, taja nambari ya muamala, na useme wazi kwamba hayo ni malipo ya bidhaa, bidhaa gani, imetumwa saa ngapi na kwa nani. Uwe na vitu vitatu tayari: tangazo la mnada, dau lake alilolishinda, na picha ya mzigo pamoja na risiti ya usafiri. Safaricom wakikupigia, simu yao hutoka 0722 000 000. Anayepiga kwa nambari nyingine akitaka nambari yako ya siri, kata.

Kwa siku zijazo acha kupokea pesa za biashara kwenye laini yako ya kawaida. Fungua Pochi la Biashara, akaunti ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo, kwa *334#. Haidai leseni wala cheti cha usajili, pesa za viatu hazichanganyiki na za nyumbani, na aliyelipa hawezi kuzirudisha bila wewe mwenye biashara kukubali. Na boda asiondoke kabla hujaliona salio kwa macho yako. Mnunuzi akilalamika kwamba unamcheleweshea mzigo kwa dakika tano, mwache alalamike.

Naendesha mnada wa redio za zamani na vyombo vya muziki hapa Nakuru. Mtu anashinda, anasema "nakuja kesho," halafu kimya. Nikimwendea wa pili anasema dau lake lilishapita. Sheria inasemaje? (Muuza redio, Nakuru)

Wa pili ana haki, ndugu. Dau hufa pale linapopandiwa na dau jingine. Unaweza kumbembeleza, huwezi kumlazimisha, na akikubali hayo ni mauzo mapya yenye bei mnayokubaliana upya.

Kuhusu aliyeshinda, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, inasema mauzo ya mnada hukamilika nyundo inapoanguka au kwa ishara nyingine iliyozoeleka. Kabla ya hapo mtu yuko huru kuondoa dau lake. WhatsApp haina nyundo, kwa hiyo itengeneze: saa ikitimu andika "Mnada umefungwa. Redio ya mbao imekwenda kwa mwenye nambari inayoishia na 41, shilingi 3,500." Usiposema hivyo, mtu anaweza kudai kwamba alijiondoa mapema.

Sheria hiyohiyo ina kipengele ambacho wauzaji wengi hawakijui. Mkataba wa kuuza bidhaa ya shilingi 200 au zaidi haudaiki mahakamani isipokuwa mnunuzi amepokea sehemu ya bidhaa, au ametoa arubuni (dipoziti kama wengi wanavyoiita), au amelipa sehemu ya bei, au kuna maandishi yaliyotiwa sahihi. "Nakuja kesho" ya mdomo haikufikishi popote. Ndiyo maana tunasisitiza arubuni. Maoni yetu ni asilimia 10 ya dau au shilingi 500, ile iliyo kubwa, ilipwe ndani ya saa moja baada ya kufunga, na salio ndani ya saa 48. Masharti yasiwe marefu. Yaandikwe juu ya kila tangazo, si mara moja tu kundi lilipoanzishwa, na yaseme arubuni itakwenda wapi mshindi akitoroka. Ukiizuia, iwe kiasi kinachofanana na hasara uliyopata, maana kinachoonekana kama adhabu ni vigumu kukitetea.

Jambo la saa nalo huleta ugomvi. Saa 3:00 usiku husomeka 21:00 kwenye simu nyingi, na mtandao ukiyumba, dau lililotoka 20:59 kwa mnunuzi linaweza kufika kwako 21:01. Andika kwamba inayohesabiwa ni saa ya simu ya muuzaji. Tena, WhatsApp humruhusu mtu kuhariri ujumbe wake ndani ya dakika 15, kwa hiyo 3,500 inaweza kugeuka 2,500 huku watu wakitazama. Kila dau la juu likiingia, jibu kwa maneno yako mwenyewe: "3,500 imepokelewa."

Na tafadhali, usimweke shemeji apandishe bei. Sheria inasema muuzaji akitaka kuweka dau, yeye au mtu wake, lazima atangaze mapema. Asipofanya hivyo mnunuzi anaweza kuyachukulia mauzo kuwa ya ulaghai. Siku mnunuzi akigundua, madai yako yote dhidi yake yamekwisha. Ukiogopa kuuza kwa hasara, tangaza bei ya chini kabisa.

Mnunuzi alishinda simu kwa 9,000. Zimeingia 19,000 kutoka kwa jina ambalo si lake. Anasema ni kaka yake, amezidisha tarakimu, nirudishe 10,000 kwa nambari nyingine. (Kijana wa simu, Kakamega)

Usirudishe kwa nambari nyingine hata kidogo, na simu usiitoe.

Mtego wenyewe uko hivi. Pesa inaweza kuwa ya mtu wa tatu aliyedanganywa. Huenda tapeli amechukua picha za simu yako, akazitangaza kwingine, na yule maskini amelipa nambari yako akidhani ananunua kwako. Ukituma 10,000 kwa nambari nyingine, kisha mwenye pesa akaomba muamala wake urudishwe, umepoteza 10,000 na simu pia. Mwambie mnunuzi kwamba aliyetuma ndiye apeleke ujumbe wake kwa 456, pesa irudi ilikotoka, halafu mshindi alipe 9,000 kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Unaweza pia kumpigia aliyetuma na kumwuliza amelipia nini. Mara nyingi simu hiyo moja tu humaliza kitendawili. Siku ya kuchukua simu, mtu aje na kitambulisho, na jina lilingane na la ujumbe wa malipo.

Nauza sanamu za jiwe la sabuni kwa mnada kwenye eBay, soko la mtandaoni. Mnunuzi wa Marekani amefungua lalamiko kwamba sanamu ya dola 85 imefika imevunjika shingo, anataka pesa zote. Nina nambari ya kufuatilia inayoonyesha imefika. Je, si nimeshinda? (Mchongaji, Tabaka)

La, hujashinda. Ushahidi wa kufika hukukinga dhidi ya anayesema hakupokea kitu. Anayesema kimefika kibovu anaingia mlango mwingine.

Kwenye lalamiko la eBay una siku 3 za kazi kumjibu mnunuzi. Zikipita, anaweza kuomba eBay iamue, nawe utakuwa hujasema lolote. Kwa hiyo leo hii, ndani ya ujumbe wa eBay na si kwingine, omba picha tatu: shingo ilipovunjika, boksi kwa nje, na jinsi ilivyofungwa ndani. Itazame ile ya kwanza kwa makini. Jiwe la sabuni lililovunjika karibuni huonyesha uso mkavu wa rangi ya unga, usio na nta wala mng'aro wa msasa. Kama mpasuko una gundi au umelainika, hiyo ni habari nyingine na una la kusema.

Picha zikionyesha amesema kweli, piga hesabu ya kurudisha mzigo. Kitu kilichofika kibovu, gharama ya kukirudisha ni ya muuzaji, na jiwe ni zito. Nauli ya kuja Kenya inaweza kuipita bei ya sanamu. Hapo mpe nafasi achague: arejeshewe sehemu ya pesa abaki na sanamu aigundishe, au arejeshewe zote bila kuirudisha. Inauma, lakini ni nafuu kuliko kung'ang'ania. Fanya malipo hayo ndani ya kesi yenyewe. Ukimtumia pesa pembeni, kesi itabaki wazi na unaweza kulipa mara mbili.

Mambo hubadilika mnunuzi akienda kwa benki yake au PayPal (huduma ya malipo ya mtandaoni) badala ya eBay. Huo ni mgogoro wa malipo, nao una siku 5 za kalenda, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Ukipinga na ukashindwa bila kuwa na kinga ya muuzaji (ulinzi ambao eBay humpa muuzaji aliyetimiza masharti yake), eBay ya Marekani hutoza ada ya dola 20, basi usipinge kwa hasira. Angalia na saa pia: Kenya iko mbele ya California kwa saa 10 au 11 kulingana na msimu, na mwisho wa siku wanaoutaja si wa Tabaka. Bidhaa ikifika dola 750, hakikisha mpokeaji anatia sahihi, vinginevyo kinga hupungua. Na ukiuza nje ya eBay kwa PayPal, kumbuka mnunuzi ana siku 180 tangu alipolipa za kufungua lalamiko. Picha na risiti zisitupwe kabla ya hapo.

Shingo huvunjika kwa sababu sanamu inacheza ndani ya boksi. Jaza kwanza nafasi kati ya shingo na mabega kwa karatasi iliyokunjwa hadi sanamu iwe kama gogo, ndipo uizungushie plastiki ya mapovu. Iweke kwenye boksi dogo, na boksi dogo ndani ya kubwa, kila upande ubaki na sentimita 5 za kujaza. Litikise karibu na sikio. Likigonga, fungua uanze upya. Majani makavu ya migomba na nyasi usitumie, kwani wakaguzi wa mimea wa nchi nyingi huyakataa mpakani. Ukituma kwa Posta, nambari ya kufuatilia ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha KE. Ijaze eBay siku hiyohiyo, ukikagua kila tarakimu.

Mnunuzi ananiambia niache, nami namdai 18,000 za tanuri aliyochukua kwa mnada na kulipa nusu. Naweza kwenda mahakamani bila wakili? (Msomaji, Kisumu)

Ndiyo. Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na ipo Kisumu na Nakuru. Unaweza kujisimamia mwenyewe na kuzungumza Kiswahili. Sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60.

Kwanza mpelekee barua ya madai yenye kiasi, tarehe ya mnada, alicholipa, na siku 7 za kumalizia. Itume WhatsApp na uchapishe nakala. Kisha hamisha mazungumzo yote kutoka WhatsApp, si vipande ulivyochagua, na uchukue taarifa kamili ya M-Pesa ya miezi hiyo. Ushahidi wa kielektroniki huambatana na cheti kinachoeleza umetoka kwenye kifaa gani na nani aliutoa. Karani wa mahakama atakuonyesha namna ya kukiandika. Simu yenyewe iliyopokea mazungumzo hayo usiiuze wala kuifuta kabla hukumu haijasomwa.