"Tulia, Utapata": Je, Wasiwasi Ndio Unaofunga Kizazi?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 33, na huu ni mwaka wa nne tangu niolewe hapa Tanga, lakini sijawahi kushika mimba. Hedhi yangu haipishani siku. Nimepimwa damu, nimefanyiwa utrasaundi na nimepigwa picha ya mirija, ambayo iliniuma sana, na nikaambiwa hakuna kasoro iliyoonekana. Mume wangu hajapima chochote, kwani anasema yeye ni mzima. Mwezi uliopita, kwenye arobaini ya mtoto wa wifi yangu, nilijificha jikoni nikikuna nazi ambazo hazikuhitajika tena, ili mtu asije akanipakatisha mtoto. Mama mkwe akanifuata huko huko akaniambia nitulie, maana wasiwasi wangu ndio unaofunga kizazi. Tangu siku hiyo, nikilia usiku najiona kama ninamfukuza mtoto mwenyewe. Je, ni kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kulia kwako hakumfukuzi mtoto. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti 14 za wanawake zaidi ya 3,500 waliokuwa wakiingia katika matibabu ya uzazi, na ikaonekana kwamba walioanza wakiwa na huzuni au wasiwasi mwingi walipata mimba sawa na wenzao. Ni kweli kwamba msongo mzito, hasa ukiambatana na kukonda sana, unaweza kuvuruga hedhi au hata kuisimamisha, lakini wewe umesema yako haipishani siku. Naamini mama mkwe alikusudia kukufariji. Ila maneno yale yalikuongezea hatia juu ya huzuni, na hatia hiyo si yako.

Huzuni yenyewe usiione kuwa ni udhaifu. Watafiti wa Marekani waliowapima wanawake wenye shida hii mwaka 1993 waliona kuwa unyonge wao wa moyo ulikaribiana na wa wagonjwa wa saratani. Huzuni ya namna hiyo inastahili kutunzwa kwa ajili yako wewe, ipatikane mimba au isipatikane. Kwa hiyo arobaini ijayo una ruhusa ya kutuma zawadi na kubaki nyumbani, na anayestahili kutoa udhuru kwa mama yake ni mumeo, si wewe. Nyumbani nako, tengeni muda mfupi wa jioni, dakika 20 zinatosha, wa kulizungumza jambo hili. Zikiisha, ongeeni mengine, kwani nyumba inayozungumzia mimba tangu asubuhi hadi usiku humchosha hata asiyelia. Iwapo usingizi na hamu ya chakula vitapotea kwa wiki mbili mfululizo, au ukaanza kutamani usiamke, usisubiri: nenda hospitali ueleze hivyo hivyo ulivyonieleza mimi.

Sasa nije kwa mumeo, na hapa nitasema bila kupaka rangi. Vipimo vyako vyote vimeeleza nusu tu ya habari. Kati ya wenzi wanaochelewa kupata mtoto, takriban nusu yao huwa na sababu iliyo upande wa mwanamume, iwe peke yake au pamoja na ya mke, na uzima wa mwili wala nguvu za kiume havionyeshi hali ya mbegu. Inashangaza kwamba kipimo chake, kisicho na maumivu yoyote, ndicho huachwa mwisho, baada ya mke kuvumilia ile picha ya mirija. Anachotakiwa ni kukaa bila kutoa mbegu kwa siku 2 hadi 7, kisha atoe sampuli maabara. Usimwambie usiku wa kilio, wala mbele ya mama yake. Mwambie siku mliyotulia kwamba daktari hawezi kuendelea na wewe bila majibu yake, kwa sababu ndivyo ilivyo, na umwombe mwende pamoja.