Kukata kona kwa gari la fowili kwenye changarawe: ushauri kwa wanaoanza

Karibu kila kijana niliyemkalia kiti cha abiria ili kumfundisha kuendesha gari la fowili kwenye barabara ya vumbi amekuja na imani moja, nayo ni kwamba gari linalosukumwa na magurudumu yote manne haliwezi kumponyoka kirahisi. Ninaanza na imani hiyo kwa sababu nimeona inavyoharibu magari, na mara mbili nimeona inavyoumiza watu. Injini ikisukuma magurudumu manne badala ya mawili, faida yake huonekana gari linapoondoka, linapopanda mlima na linapotoka kwenye kona. Wakati wa kusimama na wakati wa kuingia kona fowili haikuongezei chochote, kwa kuwa hapo kazi yote ni ya matairi, na kila gari barabarani, liwe la fowili au la, lina matairi manne tu. Hatari inakuzidi wewe mwenye fowili kwa sababu gari lako huongeza mwendo kwenye changarawe bila kuteleza wala kukupa onyo, hivyo unafika kwenye kona ukiwa na kasi ambayo gari la kawaida lingekwisha kukukatalia mita mia mbili nyuma.

Mimi nilijifunza jambo hili katika barabara za ndani ya shamba la mkonge mkoani Tanga. Barabara za mashamba hayo zimenyooka kama rula, udongo wake ni mwekundu, na kila baada ya kitalu kuna kona ya pembe mraba. Nilikuwa na Subaru Impreza ya fowili, na nilikuwa nimeendesha siku nzima bila tatizo. Jioni niliingia kona moja ya kulia nikiwa na kasi kubwa mno, nikakata usukani, na usukani ukawa mwepesi ghafla mikononi mwangu, kana kwamba umefunguliwa kutoka kwenye magurudumu. Nikaukata zaidi. Pua ya gari ikaendelea mbele ileile njia iliyokuwa ikienda, magurudumu ya mbele yakiwa yamepinda kabisa na yakisukuma changarawe kama jembe, mpaka tukaingia kwenye mstari wa mkonge. Miiba ilitoboa tairi mbili na rejeta. Mzee aliyekuwa akinifundisha alitembea kurudi nyuma, akanionyesha alama za matairi: mahali nilipoanza kupiga breki palikuwa ndani ya kona tayari. Hakusema mengi. Alichukua jiwe jeupe akaliweka kando ya barabara, hatua kama arobaini kabla ya kona, akaniambia, "Mwanangu, kazi ya breki iishe hapa."

Elewa sababu, maana ukiielewa hutahitaji kukariri. Tairi lina uwezo wenye kikomo wa kung'ang'ania ardhi, na uwezo huo unagawanywa baina ya kazi tatu: kusukuma, kusimamisha na kupindisha. Ukiutumia wote kwenye breki, hakuna unaobaki wa kupindisha gari. Kwenye lami kavu akiba ni kubwa kiasi kwamba dereva anaweza kufanya makosa madogo kwa miaka bila kuyajua, lakini kwenye changarawe iliyolegea juu ya ardhi ngumu akiba hiyo hupungua sana, kwa sababu tairi halikanyagi ardhi yenyewe bali linakanyaga vijiwe vinavyozunguka chini yake kama gololi. Ndiyo maana breki hupigwa gari likiwa limenyooka, gia hushushwa gari likiwa limenyooka, na usukani huguswa baada ya mguu kuanza kuachia breki pole pole. Hilo la pole pole lina maana yake. Unapopiga breki, uzito wa gari hulalia magurudumu ya mbele na kuyakandamiza, na ukiachia breki taratibu huku ukianza kupinda, uzito huo unabaki mbele kwa muda ule mfupi ambao pua inauhitaji ili ishike kona. Ukiachia kwa ghafla, springi za mbele huinuka, uzito hurudi nyuma, na pua inakuwa nyepesi sekunde ileile unayoitegemea.

Kuhusu breki zenye ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasiache kuzunguka unapopiga breki kwa nguvu, jihadhari. Gurudumu lililofunga, yaani lililoacha kuzunguka gari likiwa bado linakwenda, kwenye changarawe iliyolegea hukusanya kilima kidogo cha mawe mbele yake, na kilima hicho husaidia kusimamisha gari. ABS hairuhusu gurudumu kufunga, hivyo kwenye uso wa namna hiyo mara nyingi gari husafiri umbali mrefu zaidi kabla ya kusimama. Sishauri mtu aizime kwenye barabara ya umma, kwa maana inakuachia uwezo wa kupinda ukikwepa ng'ombe au bodaboda. Ninachoshauri ni kwamba upime wewe mwenyewe, mahali palipo wazi na pasipo watu, gari lako linahitaji mita ngapi kusimama kutoka kilomita 60 kwa saa kwenye changarawe, kisha uende ukapime tena kwenye lami. Tofauti utakayoiona itakufundisha kuliko maneno yangu.

Sasa nije kwenye zoezi ambalo ninalithamini kuliko yote. Tafuta uwanja mpana wa udongo au changarawe, kwa ruhusa ya mwenyewe, uondoe mawe makubwa, uweke debe au tairi kuukuu katikati, kisha uendeshe mduara wenye kipenyo cha kama mita 40 ukiwa kwenye gia ya pili. Shikilia usukani mahali pamoja bila kuusogeza. Ongeza mafuta kidogo kidogo, nawe utaona mduara unapanuka: magurudumu ya mbele yanasukuma na kupinda kwa wakati mmoja, uzito umeyakimbia, hivyo yanateleza nje. Sasa achia mafuta kidogo, bila kugusa breki. Pua itarudi ndani na mduara utajikaza. Rudia mara kumi kulia na mara kumi kushoto, mpaka mguu wako uanze kufanya kazi ya usukani. Baadaye achia mafuta yote kwa ghafla, nawe utausikia mkia ukianza kutoka, kwa sababu uzito umehamia mbele na magurudumu ya nyuma yamekuwa mepesi. Haya yote unayajifunza kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa, mahali ambapo kosa halina gharama zaidi ya vumbi.

Ndani ya mduara huo utapata dawa ya matatizo mawili makuu. Pua ikikataa kona, ambayo ndiyo tabia ya magari mengi ya fowili wakati wa kuingia, punguza mafuta na uurudishe usukani kidogo kuelekea kunyooka mpaka uhisi tena uzito mikononi, kisha upinde upya. Najua moyo unakataa kunyoosha usukani wakati mtaro unakuja, na moyo wangu siku ile shambani ulikataa, lakini tairi lililopinda kupita kiasi haliendi popote isipokuwa mbele. Mkia ukitoka, elekeza magurudumu ya mbele kule unakotaka gari liende, usiguse breki, na ukanyage mafuta kwa utulivu. Hapa ndipo fowili inapokusaidia kweli, maana magurudumu ya mbele yanalivuta gari na kulinyoosha. Macho yako, wakati wote huo, yawe kwenye njia ya kutokea, kwa sababu mikono hufuata macho, na anayeukodolea macho mti huishia kwenye mti.

Hata hivyo, maneno haya hayafanyi kazi sawasawa kwa kila gari linaloitwa fowili, na katika magari yaliyotumika yanayoletwa kwetu kutoka Japani kuna angalau aina tatu ambazo mgeni huzichanganya. Subaru yenye gia za mkono, kwa kawaida, ina difu ya kati, yaani gia zinazogawa nguvu mbele na nyuma muda wote huku zikiruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti, hivyo tabia yake haibadiliki katikati ya kona. Magari kama RAV4 na X-Trail za miaka ya karibuni huendeshwa zaidi na magurudumu ya mbele, na ya nyuma huitwa kazini pale ya mbele yanapoanza kuteleza. Kwa hiyo unaweza kuingia kona ukiwa na gari la kuvutwa mbele na ukatoka ukiwa na gari la fowili, na badiliko hilo hukushtua ikiwa umekanyaga mafuta kwa pupa. Aina ya tatu ni pikapu kama Hilux na vijigari kama Jimny, ambazo hazina difu ya kati kabisa: ukiingiza fowili, magurudumu ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja yazunguke kwa kasi moja, ilhali kwenye kona magurudumu ya mbele hutembea umbali mrefu kuliko ya nyuma. Kwenye changarawe tofauti hiyo humalizwa na mteleko mdogo wa matairi, ingawa pua itakataa kona zaidi. Kwenye lami kavu haina pa kwenda, nayo hukaza shafti na gia mpaka kitu kikatike. Soma kitabu cha gari lako kabla ya kujaribu lolote, na kama kitabu kimepotea, muulize fundi anayelijua.

Wanaodhani kwamba mashine peke yake inatosha ningependa waitazame Safari Rally ya miaka ya 1980. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na yalijulikana kwa umbali, matope na mawe yake. Audi Quattro, gari la fowili, iliingia katika mashindano ya dunia ya rali mwaka 1981 na kubadilisha mchezo huo karibu kila mahali; mwaka 1982 Audi ikatwaa ubingwa wa watengenezaji. Lakini Toyota Celica inayosukumwa na magurudumu ya nyuma ndiyo iliyoshinda Safari mwaka 1984, 1985 na 1986 mfululizo, na ilikuwa mwaka 1987 tu ndipo dereva Hannu Mikkola wa Finland alipoipatia fowili ushindi wake wa kwanza huko, akiwa na Audi 200 Quattro. Kwa maoni yangu sababu si ngumu kuiona: katika barabara ndefu na mbovu kiasi kile, gari imara na dereva anayelitunza walikuwa na thamani kuliko nguvu ya kutoka kwenye kona.

Barabara yenyewe isome kabla hujaifikia. Magari yanayopita kila siku hufagia njia mbili safi, na vijiwe vyote hurundikana katikati na kwenye kingo. Kaa kwenye njia iliyofagiwa, na ukilazimika kuvuka rundo, livuke usukani ukiwa umenyooka. Greda likipita, huacha tuta la changarawe laini pembeni ambalo hunyakua gurudumu na kulivuta mtaroni. Angalia pia mgongo wa barabara, yaani katikati yake palipoinuka kuliko pembeni: ukitoka upande wako kwenye kona ya kushoto, gari huanza kuegemea nje, na uwezo wa matairi hupungua bila wewe kubadilisha kitu. Kwenye barabara ya umma usikate kona usiyoiona mwisho wake kwa kupita upande wa kulia, hata kama njia hiyo ndiyo iliyofagiwa vizuri zaidi.

Mtaniuliza kuhusu kupiga breki kwa mguu wa kushoto na kuhusu kulirusha gari upande wa pili kabla ya kona, kwa kuwa ndizo mbinu zinazovutia kwenye video. Ya kwanza ilistawishwa na madereva wa Sweden na Finland katika miaka ya 1960, waliokuwa wakiendesha magari ya kuvutwa mbele, nayo inafaa sana kwa fowili kwa sababu inakuwezesha kuipa pua uzito bila kuachia mafuta. Ila mguu wa kushoto umezoea klachi, nao hukanyaga kwa nguvu zote. Utahitaji wiki kadhaa za kuufundisha ulaini, uwanjani, kabla ya kuuamini. Ya pili iacheni mpaka mtakapokuwa na barabara iliyofungwa, helmeti na mkufunzi. Na breki ya mkono msiivute kwenye fowili ya kawaida kama mnavyoona madereva wa rali wakifanya, kwa sababu magari yao yametengenezwa ili difu ya kati iachie pale breki hiyo inapovutwa, ilhali yenu itapambana na difu yake yenyewe.

Matairi yote manne yawe ya saizi moja na yaliyolika sawasawa, kwani tofauti ndogo ya mzingo huifanya difu ya kati ifanye kazi hata gari linapokwenda moja kwa moja, na hatimaye huiunguza. Ninaposafiri mwendo mrefu kwenye changarawe mimi hupunguza upepo kutoka paundi 32 hadi 26 hivi, ili tairi lilale zaidi juu ya vijiwe, na ninapunguza mwendo kwa kiasi hichohicho, kwa sababu tairi laini hupata joto na ubavu wake huchanika kirahisi kwenye jiwe lenye ncha. Pampu ndogo hukaa nyuma ya kiti. Lami ikianza tu, ninasimama kando, ninajaza upepo tairi moja baada ya jingine, na wakati pampu inanguruma ninapitisha mkono ndani ya kila rimu kutoa vijiwe vilivyokwama karibu na breki.