Kabla hujakanyaga pedali: kwa wanaoanza kazi ya leza

Mashine ya leza haimjui mteja. Haijui kama aliyelala kitandani ni mwanafunzi wa UDOM anayetaka kuondoa ndevu za kidevuni au ni mama wa Area C mwenye madoa mashavuni. Inachokijua ni rangi. Mwanga unatoka, unatafuta cheusi, ukikipata unakipasha moto. Kwa Mzungu mwenye nywele nyeusi, cheusi hicho ni unywele peke yake. Kwetu ngozi yenyewe ni nyeusi, tena imetangulia mbele ya unywele. Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii, karibu kila nitakachowaambia kimetoka hapo.

Nilianzia chumba cha leza ya macho, baadaye nikahamia ngozi, yote hapa Dodoma. Tangu mji upewe hadhi ya jiji mwaka 2018 na maofisi kuhamia Mtumba, saluni zenye neno "leza" mlangoni zimekuwa nyingi, na kijana anaajiriwa leo, kesho ameshika mashine. Mafunzo yake ni maelezo ya muuzaji siku ya kuleta mzigo, pamoja na kitabu kilichojaa namba.

Namba hizo zitilie shaka. Ngozi tunazipanga kwa kipimo cha Fitzpatrick, na kipimo hicho kilipoanza mwaka 1975 kilikuwa na aina nne tu, zote za ngozi nyeupe. Aina ya tano na ya sita, ambazo ndizo wateja wetu wengi, ziliongezwa baadaye. Ukifungua kitabu cha mashine utaona mambo hayajabadilika sana: kurasa nzima za ngozi nyeupe, halafu sisi tumewekewa mstari mmoja chini ya jedwali. Mstari huo usome mara mbili, kisha anzia chini ya kile kilichoandikwa.

Kitu cha kwanza kukiangalia kwenye mashine ni urefu wa wimbi, unaoandikwa kwa nanomita. Leza ya aleksandraiti ni 755, na melanini, yaani ile rangi nyeusi ya ngozi na nywele, inaunywa sana mwanga huo, kwa hiyo ngozi nyeusi inaungua kabla shina la unywele halijahisi chochote. Dayodi nyingi ziko 800 hadi 810, katikati. Nd:YAG, ambayo kazini tunaiita yagi, ni 1064. Melanini inainywa kidogo zaidi na mwanga wake unazama ndani, unapita ngozi na kufika kwenye shina. Kwa ngozi zetu hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Mwajiri akikuambia mashine ni moja tu na ni ya 755, mwulize nani atawalipa wateja watakaobabuka.

Cha pili ni muda, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi wanapapita. Mwaka 1983 Anderson na Parrish wa Marekani walieleza kanuni ambayo kazi yote hii inaisimamia: ukitaka kuchoma kitu kimoja na kukiacha jirani yake salama, chagua mwanga ambao kitu hicho kinaunywa, halafu upige kwa muda mfupi kuliko ule kinaohitaji kupoa. Ngozi ya juu ni nyembamba, inapoa upesi. Shina la unywele ni nene, linakaa na joto lake. Ukipiga pigo lililo refu kwa ngozi lakini fupi kwa shina, makumi ya milisekunde (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), ngozi inapata nafasi ya kutoa joto huku shina likiendelea kuchemka. Ukifupisha pigo na kuongeza nguvu ili "lifanye kazi haraka", ngozi iliyokuwa ikilindwa na muda imebaki bila kinga.

Niliuelewa muda vizuri zaidi kwenye macho. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho anaweza kurudi baada ya miezi au miaka akilalamika kwamba ukungu umerudi. Nyumbani wameshamwambia mtoto wa jicho kaota tena. Hajaota. Ni ule utando wa nyuma, uliobaki kushikilia lenzi ya bandia, ndio umeingia ukungu. Daktari anautoboa kwa yagi, kazi ya dakika chache, bila kisu. Mwanga ni uleule wa 1064 tunaotumia kwenye ndevu. Kule pigo ni la nanosekunde chache, fupi kuliko milisekunde mara milioni, na linapasua utando badala ya kuupika. Huku ni milisekunde na linapika mzizi. Kwa hiyo mtu akikuambia "hii ni yagi, ni salama", muulize yagi ya pigo gani.

Sasa mteja mwenyewe. Kabla ya jeli, kaa naye kwenye kiti. Swali ninaloliheshimu kuliko yote ni lile la mkorogo, na haliulizwi hivyo. Ukisema "dada, unatumia mkorogo?" jibu ni hapana, kila siku ni hapana. Sema hivi: "Usiku kabla ya kulala unapaka nini? Naomba uniletee kopo lake." Halafu mtazame vifundo vya vidole, uso ukiwa mweupe na vifundo vimebaki vyeusi, umeshapata jibu bila kumwaibisha. Ndani ya makopo hayo mara nyingi kuna haidrokwinoni, steroidi, na mengine yana zebaki. Steroidi inaikondesha ngozi, na ngozi iliyokondeshwa haistahimili joto. Mtu huyo hapigwi leza leo. Anaacha, anasubiri, ngozi inarudi, tena kwa ushauri wa daktari wa ngozi, kwa sababu steroidi ikikatwa ghafla uso unaweza kulipuka kwa vipele na wewe ukalaumiwa. Waambie pia kwamba usimamizi wa vipodozi uko TBS, shirika la viwango, tangu 2019, na wa vifaa tiba uko TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kopo lisilo na lebo halina wa kulijibia.

Yaliyobaki yaulize upesi lakini usiyaache: mimba, dawa za chunusi za kumeza, dawa zinazoifanya ngozi ichomwe na jua kama doksisaiklini, na kama akijikata kovu lake huvimba na kuzidi jeraha. Mwenye keloidi ni wa daktari, si wako. Na dada mwenye ndevu nyingi zilizoanza ghafla, au ambaye hedhi zake hazieleweki, apime homoni kwanza. Ukimuondolea nywele leo na homoni iko palepale, zitaota nyingine na atasema umemuibia.

Kung'oa nywele kwa kibano au nta kusimame wiki nne hivi kabla, maana unywele ukishang'olewa mwanga hauna cha kushika. Kunyoa kwa wembe ni ruksa, tena ni lazima siku hiyo au jana yake. Nywele zilizobaki juu ya ngozi zinaungulia pale juu na kumchoma. Nywele nyeupe hazisikii leza, mwambie mzee mapema kabla hajatoa hela. Na usiseme "mara moja zinaisha". Nywele haziko zote katika hatua ya kukua kwa wakati mmoja, ndiyo maana anarudi kila baada ya wiki nne hadi nane, kwa kawaida mara sita hadi nane, na hata hapo tunaongelea kupungua kwa muda mrefu.

Wanaume wenye vipele vya ndevu ni wateja wazuri wa yagi, inawasaidia kweli. Ila mimi huwaambia kwanza kwamba dawa ya bei nafuu kuliko zote ni kuacha ndevu ziote. Bosi mmoja hakufurahi kusikia hivyo. Basi.

Jaribio la sehemu ndogo usiliruke hata kwa ndugu yako. Piga mapigo machache mahali pa kujificha, chini ya taya kwa mfano, ngozi ikiwa imepozwa, kisha mrudishe nyumbani. Saa 48 ni kima cha chini. Kwa ngozi nyeusi sana mimi nasubiri zaidi, kwa kuwa doa jeusi la baada ya joto halitokei siku hiyo. Wakati wa kazi, vitabu vinasema utafute wekundu kuzunguka vinyweleo. Kwetu wekundu hauonekani. Tafuta kivimbe kidogo kuzunguka kila kinyweleo, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na pitisha kidole. Ngozi ikigeuka kijivu au kuwa na weupe wa majivu, simama hapohapo: hiyo imeungua. Poza kwa kitambaa chenye maji baridi, usiweke barafu moja kwa moja, na mwonye asiende nyumbani kupaka dawa ya meno. Harufu ya nywele zilizoungua ni ya kawaida. Mteja anayeendelea kusikia moto baada ya kupozwa si wa kawaida.

Macho yenu sasa. Mwanga wa 1064 hauonekani. Jicho halifumbi kwa kitu lisichokiona, na lenzi yake inaukusanya mwanga huo kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, hadi uwe mkali takriban mara laki moja. Miwani ya jua haina maana yoyote hapa. Soma maandishi kwenye fremu: lazima yataje urefu wa wimbi wa mashine yako na kiwango cha OD, yaani kipimo cha mwanga unaozuiwa. OD 5 inapitisha sehemu moja tu kati ya laki moja. Miwani ya aleksandraiti huenda isikukinge na yagi hata kama zinafanana. Mteja avalishwe yake iliyoziba kabisa, na usipige kope wala ndani ya ukingo wa mfupa wa jicho. Saluni zetu zina vioo ukuta mzima. Vifunike au uhame chumba. Pete, saa na mkasi vinarudisha mwanga vilevile. Spiriti ikauke kabisa kabla ya kupiga, maana inawaka. Na ukisaidia kwenye leza ya kaboni dayoksaidi inayochoma sunzua, vaa barakoa ya N95 na uwashe kinyonya moshi, kwa sababu moshi ule unaweza kubeba kirusi chenyewe.

Kwa mtakaopelekwa macho, kazi kubwa ni maneno. Mgonjwa wa kisukari anapochomwa retina, huwa ni mapigo 1,200 hadi 1,600 kwa jicho, hayatoki vizuri kikao kimoja, na yanauma. Utafiti mkubwa wa Marekani wa miaka ya 1970 ulionyesha matibabu hayo yanapunguza kwa nusu au zaidi hatari ya kupoteza sana uwezo wa kuona. Lakini hayarudishi kilichokwisha kupotea. Mama mzee kutoka Chamwino, ukishamwamkia kwa Kigogo "mbukwenyi" na akatulia, mwambie wazi: "Mama, hii ni ya kuzuia giza lisiongezeke." Asipoambiwa atatoka akiona vilevile, atasema hospitali imemdanganya, na jicho la pili hataleta.

Presha ya macho ni habari njema zaidi, na ni ya hapa hapa nchini. Utafiti wa hospitali ya KCMC Moshi, uliochapishwa mwaka 2021, ulilinganisha leza inayofungua njia za maji ya jicho na matone ya timolol. Baada ya mwaka, leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, matone kwa asilimia 31. Mtu anayetoka Mpwapwa au Kondoa kununua chupa ya matone kila mwezi anaelewa tofauti hiyo bila kufafanuliwa. Bado anatakiwa kurudi kupimwa presha, maana athari ya leza hupungua.

Mashine nayo inataka kulelewa Kidodoma. Upepo wa Julai na Agosti unaingiza vumbi kila tundu. Safisha vichujio mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema, na futa kioo cha mbele kila baada ya mteja, kwani punje ya vumbi ikipigwa na mwanga inaungulia hapo na kukiharibu. Tangi la kupoza linajazwa maji yaliyosafishwa ya maabara. Maji ya bomba yetu yana chumvi, yataacha magamba kwenye mirija na siku mashine ikipata joto utaambiwa fundi yuko Dar. Umeme ukikatika katikati ya kazi, zima swichi kuu kabla haujarudi, na usikubali kuendesha bila stebilaiza.

Tatuu nitazigusa tu. Wino mweusi unatoka kwa 1064 ya nanosekunde, vikao vingi, wiki sita hadi nane kati yake. Wino mwekundu unataka 532, na huo kwenye ngozi yetu unaweza kuacha doa jeupe. Mwambie mteja achague kati ya doa na ua lake. Zile mashine za IPL zinazouzwa kwa jina la leza si leza, ni taa yenye mwanga wa mchanganyiko, na kwa ngozi nyeusi sana mimi siziwashi.

La mwisho ni madoa yenye alama ya kuuliza. Atakuja mtu na baka jeusi chini ya unyayo au mstari mweusi kwenye kucha, atataka "ulifute". Melanoma ya watu weusi hupenda sana sehemu hizo, hasa unyayo. Leza itaondoa rangi ya juu, itaacha saratani chini, na daktari atakayefuata hatakuwa na cha kukata kupeleka maabara. Vivyo hivyo kwa ndugu zetu wenye ualbino wakija na kidonda cha jua kisichopona: hicho si cha urembo. Andika rufaa siku hiyohiyo kwenda hospitali yenye daktari wa ngozi na maabara ya kupima nyama, usimtoze chochote, chukua namba yake ya simu, na wiki inayofuata mpigie umuulize kama alikwenda.