Mtoto wa darasa la nne na ratiba iliyojaa

Dada, umesema kijana wako wa miaka 9 ana tuisheni kila jioni, karate, kuogelea, na sasa kila Jumamosi asubuhi tumbo linamuuma. Mpeleke hospitali kwanza. Akionekana mzima, punguza, na uanze na tuisheni (najua baba yake atanuna).

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kwa siku. Kukimbizana uani na wenzake kunahesabika, tena bure! Michezo ya kulipia, abaki na mmoja, achague mwenyewe. Ukimkuta keshajifunga mkanda wa karate kabla hujamwita, jibu unalo. Usingizi masaa 9 mpaka 12, usiuguse. Na kama kocha ni wa kufokea watoto, mtoe wiki hii hii.